Ndege za Kabula Ukutani

Nakumbuka asubuhi moja kule Dutwa, mwanangu, enzi ambazo nilikuwa na nguvu za kumbeba fahali begani na mkono mmoja ukabaki wa kusalimia watu. Usinicheke. Nguvu nilikuwa nazo. Akili ndiyo ilikuwa bado njiani, inakuja kwa miguu.

Dada yangu Kabula alisoma nami darasa la jioni, lile la watu wazima. Mimi nilihitimu kwa kelele, yeye kwa kimya. Mwalimu wetu alikuwa na gazeti kuukuu la Wazungu, limejaa picha zilizochorwa wakati watu wanajiandaa kwenda mwezini: ndege zisizo na mkia, vyombo vyenye mabawa ya popo, mji wa duara unaoelea katikati ya nyota. "Hivi bado havipo," alituambia. "Mchoraji hutangulia, fundi hufuata." Mimi neno hilo lilinipita kama upepo wa kiangazi. Kabula lilimwingia mifupani. Mwezi mzima alichora ukutani kwetu kwa mkaa, majivu na udongo mwekundu, na hakunakili tu, alibuni vyake. Mwalimu alipouona ukuta aliahidi kumleta mwalimu wa sanaa kutoka Mwanza siku ya Jumatatu. Akiridhika, Kabula angepelekwa kusomea kuchora.

Sasa, Jumapili, siku moja kabla ya mgeni huyo, wazee wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kuiona kaya yetu. Nikautazama ule mji wa duara. Mwanangu, kwetu chombo cha duara kinachopaa ni kimoja tu: ungo wa mchawi. Na mwanamke akishanong'onwa uchawi, huku kwetu hulala roho mkononi. Nikaogopa. Lakini nisijisafishe: hofu yangu kubwa ilikuwa kukosa mke. Kabula alipokwenda kuchota maji, nikakoroga udongo na mavi ya ng'ombe, nikaukandika ukuta wote.

Aliporudi alitua ndoo polepole.

"Ungeniuliza," akasema.

"Aa, utachora vingine. Wewe si fundi?"

Akaichukua ndoo yake, akaingia ndani. Mama ndiye aliyenijibu: "Masanja, ungewaeleza wakwe zako. Mdomo mkubwa hivyo, siku ya kazi umeufunga?"

Jumatatu mgeni akaja, akakuta ukuta mbichi unanuka zizi. Mwalimu alijitahidi kueleza kwa mikono, lakini hewa haishiki rangi. Wakaondoka. Mke nilimpata, tena mwema. Kabula akaolewa Bukundi, akalima pamba, akazaa, akazeeka. Mkaa hakuushika tena ila wa kupikia. Mwaka huu tumemzika. Msibani wajukuu zake waliulizana bibi alipenda nini maishani. Wakajibizana: pamba. Mimi, nisiyewahi kukosa neno tangu nizaliwe, niliangalia chini. Ningewaonyesha nini?

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu hakui wala hahami. Basi nakuasa: kazi ya mwenzio usiyoielewa, uliza kabla hujaigusa. Watu wakiisema vibaya, simama mlangoni uisemee, hata kama posa yako itaingia mchanga. Mungu akupe mkono mzito wa kufuta na ulimi mwepesi wa kutetea. Na wale utakaowakosea, awape umri wa kukusikia ukiomba radhi. Mimi yangu nimeiombea kaburini.