Bakteria wa Mguu wa Zauri

Mtaani kwao Tbilisi, Georgia, Lamara alisifiwa kwa mikono yake. Maabara aliyofanyia kazi ilifuga virusi walao bakteria, na mgonjwa ambaye dawa za kawaida zimeshindwa kumponya alipelekwa huko. Kanuni yao hata mfagiaji aliijua: kabla ya kutengeneza dawa, chota usaha mpya kidondani.

Zauri, fundi viatu wa ghorofa ya chini katika jengo alimoishi Lamara, alipopata kidonda mguuni, Lamara alichota usaha mara moja tu. Baada ya hapo akawa anawahamisha bakteria wale wale wa usaha kutoka kisahani hadi kisahani maabarani, akiwalisha supu ya nyama. Kushuka ngazi kulimchosha. Tuseme ukweli, ulikuwa uvivu mtupu.

Kwenye visahani virusi wake walifagia kila kitu. Mguuni hawakufua dafu.

"Kaka Zauri, niambie kweli," Lamara alisema, amekunja uso. "Bandeji unafunga na mikono hiyo ya gundi?"

Zauri aliitazama mikono yake. "Gundi haitoki yote, dada. Nisamehe."

Alikatwa vidole viwili vya mguu. Kisha akampelekea Lamara mkate wa jibini, kumwomba radhi.

Lamara aliuweka mkate ule mezani bila kuumega. Kesho yake Lamara alishuka, akachota usaha mpya, akalinganisha bakteria wake na wale wa visahani. Wa kidondani, wanaoandamwa na kinga iliyomo katika damu ya mtu, walikuwa wamejijengea juu ya ngozi yao ya nje msitu mrefu wa sukari, na virusi hawakupata pa kushika. Wale wake wa visahani, wasio na adui, waliacha kujisumbua na koti la gharama hivyo. Alikuwa amewashinda bakteria walio uchi! Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Alitafuta virusi wengine wanaotafuna sukari ile, na kidonda kikafunga. Ila neno la kweli hakulitoa. Alijiambia atasema mguu ukipona. Ulipopona, akajiambia ya nini tena.

Zauri akaandaa karamu, akasimama na fimbo yake, akainua glasi ya divai.

"Nakunywa kwa heshima ya mikono ya dada Lamara! Mimi na uchafu wangu nilimharibia kazi, lakini hakunichoka."

"Aishi!" meza nzima iliitikia. Kwao, anayeinuliwa glasi kwa heshima husimama akajibu. Lamara alisimama.

"Mikono yako haikuwa na kosa, Zauri. Mimi ndiye sikushuka kuchota usaha mpya. Vidole vyako vimekwenda kwa uvivu wangu, halafu nikakusingizia. Naona aibu."

Hakuna aliyekunywa. Zauri aliweka glasi chini taratibu, akaigeuza mikono yake juu na chini.

Mkewe, Tsiuri, ndiye aliyesema, akimtazama Lamara usoni. "Mjukuu wetu ana miezi saba. Zauri hajambeba hata siku moja. Anasema mikono yake ni michafu."