Gofu Kwenye Malisho ya Ndama

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye uwanja wa gofu, nje kidogo ya Arusha, akajifunze kwa mara ya kwanza. Mwalimu, kijana mpole mwenye kofia nyeupe, alikuwa akimwonyesha namna ya kusimama, nami nikajikuta nacheka peke yangu mpaka akageuka kunitazama. Sikumcheka yeye. Ni kwamba kila alilosema nilikwisha kulisikia miaka mingi nyuma, nikiwa miguu peku katikati ya mavi ya ndama.

Ndiyo, gofu nilijifunzia kwenye malisho ya ndama, na wewe usicheke. Likizo zote nilitoka kwetu Lemara kwenda kwa bibi, kwenye miteremko ya Meru, penye kahawa na migomba. Asubuhi kazi ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, mchana tunakula loshoro, mahindi yale yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, mpaka tumbo linakaza. Jirani wa bibi alikuwa mzee aliyekata nyasi kwenye uwanja wa gofu wa mjini tangu ujana wake. Alipostaafu alirudi shambani na fimbo moja kuukuu ya gofu, kopo la mipira, na hamu ya kumfundisha yeyote atakayekubali kusimama. Nilikubali mimi.

Kosa langu lilikuwa fyekeo. Mtoto wa kule anashika fyekeo kabla ya kalamu, kwa hiyo nilipopewa fimbo nilifyeka: mikono mbele, haraka haraka, majani yakaruka na mpira ukabaki umekaa. Mzee alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaanza upya kwa lugha niliyoielewa. Kushika, alisema, ni kama kukamua: ukilegeza hupati kitu, ukibana sana ng'ombe anakupiga teke. Miguu ipanuke sawa na mabega, magoti yalegee kidogo. Fimbo ipande taratibu na mwili ugeuke nayo, mikono isiachiwe kazi yote, na ukimaliza, tumbo liwe linatazama kule unakotaka mpira uende. Na jicho libaki palepale kwenye majani, hata kama roho inataka kujua mpira umefika wapi. Hilo la jicho ndilo lililonishinda. Niliinua kichwa kila mara, na kila mara mpira ulibingirika hatua chache ukaishia mferejini.

Bibi hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Aliuita kufyeka hewa. Alikuwa akipita na ndoo yake ya maziwa anasema, bila kusimama, kwamba mwenye nguvu za kufyeka hewa aje afyeke kwenye kahawa.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba na kahawa ya mzee ikakaukia mtini. Ikafika Jumapili ya mavuno, ambapo kila nyumba hupeleka kanisani ilichojaliwa, iwe ndizi, maharage au kuku, na baada ya ibada vyote vinanadiwa nje. Mzee aliona haya kwenda mikono mitupu. Nilipomwona anapita katikati ya kanisa na ile fimbo, akailaza mbele ya madhabahu juu ya mikungu ya ndizi, nilielewa maana yake. Mtu mwingine akiinunua, gofu yangu imekwisha.

Ikafika zamu ya fimbo. Hakuna aliyejua ni ya kazi gani. Mwenye bucha peke yake ndiye aliyetaja bei, akasema itamfaa kuswagia ng'ombe. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akamwomba jirani yetu aeleze kitu chake, naye badala ya kueleza akaniita mimi. Akatoa mpira mfukoni mwa koti, akauweka kwenye majani, upande wa bondeni kusiko na mtu.

"Hawa watu usiwaangalie," aliniambia polepole. "Angalia majani."

Nikashika kama ninakamua. Nikageuka taratibu. Niliyaangalia yale majani kwa hasira, na nikaendelea kuyaangalia hata niliposikia mlio mdogo mkavu na wanakwaya wakiguna kwa pamoja. Nilipoinua kichwa, mpira ulikuwa bado uko angani. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Mwenye bucha akapandisha bei. Ndipo ikasikika sauti ya bibi kutoka upande wa akina mama, ikitaja bei ya kumpita. Alipojaribu tena, bibi akaongeza jogoo. Mwenye bucha akakaa chini.

Kesho yake, baada ya kukamua, bibi alikuja malishoni na fimbo kwapani, kanga kaifunga kiunoni. Mzee akaanza kumweleza habari za magoti. Bibi hakusikiliza. Alifyeka vilevile anavyofyeka kwenye kahawa, kila kitu kimekosewa kuanzia miguu mpaka kichwa, na mpira ukaruka juu ya mfereji, juu ya migomba ya mzee, ukapotea. Akanikabidhi fimbo.

"Chukua," alisema. "Mimi nimeshaujua."

Hakupiga tena maisha yake yote. Sasa bibi hayupo, mzee hayupo, na malisho pamoja na migomba ile yamekuwa nyumba za watu, zenye kuta ndefu na mageti meusi. Mpira wa bibi tuliutafuta siku tatu, mimi na mzee, hatukuupata. Kuna familia huko mlimani inakula chakula cha jioni juu yake, wala haijui.