Austin-Healey ya Bukavu na nati niliyoinyamazia

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa magari ya zamani kuna mtu aliuliza kama yupo humu aliyewahi kuishika Austin-Healey 3000. Mimi niliishika miezi minne. Nitaeleza kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Enzi hizo Kongo iliitwa Zaïre. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha Form Four, na ugonjwa wa kutotulia mahali.

Tabora hadi Kigoma nilikwenda kwa treni. Kigoma hadi Uvira, boti ya mizigo, nimelala juu ya magunia ya chumvi. Uvira nikadandia lori, likafia Luvungi, tukakaa siku tatu tukila mihogo ya watu. Siku ya tisa nikaingia Bukavu.

Nikaona ziwa, vilima, na kile kibaridi. Nikajisemea: hapa nakaa. Sikuwahi kusema hivyo mahali pengine, na sijasema tena.

Sasa, kukaa kulitaka karatasi, na karatasi ilitaka mwenyeji wa kukudhamini.

Nikampata Papa Cishugi. Alikuwa na shamba la kahawa upande wa Mudaka, alilopewa na serikali wakati wageni waliponyang'anywa mali zao. Mbelgiji mwenye shamba aliondoka na masanduku mawili. Gari aliliacha bandani, kuku wakahamia.

Specs, kwa wanaopenda: silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2912, kabureta mbili, horsepower 124. Gia nne na overdrive. Disc brake mbele, drum nyuma. Betri mbili za volti sita, na upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na magari mengi mnayoyajua. Viti viwili mbele, na nyuma viwili vya kukomoa. Speed ni maili mia na kumi na ushee kwa saa. Bukavu haikuwa na barabara ya kuthibitisha hilo.

Mji mzima ulisoma Kifaransa. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kiingereza. Hiyo ndiyo kazi niliyopata: kusoma.

"Unajua Kiingereza ya kweli, ao ya ku muziki?" Papa aliniuliza.

Nikamwambia ya shule.

Binti yake, Nabintu, alikuwa anaolewa, na Papa alishautangazia ukoo wote kwamba binti ataenda kanisani na gari hilo.

"Ikimufikisha mutoto yangu ku kanisa, kesho yake nasaini karatasi yako," alisema. "Isipofika, utafute papa mwingine."

Fundi alikuwa mdogo wake, Tonton Mugisho, mtu wa malori. Mimi nasoma, yeye anafanya. Tulielewana vizuri. Aliniita Profesa, na alikuwa haamini zaidi ya nusu ya nilichosoma.

Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Gurudumu la gari hili lina spoki kama za baiskeli, na linashikwa na nati moja tu, kubwa, katikati, yenye masikio mawili. Unaigonga kwa nyundo ya shaba. Upande wa kushoto unakaza kwa kufuata mshale wa saa. Upande wa kulia ni kinyume. Kwenye nati yenyewe kuna mshale na neno la Kiingereza la kuonyesha wapi inafunguka.

Siku ya kurudisha magurudumu Tonton alikuwa amekwenda matangani Mwenga. Nikasoma mwenyewe, nikakaza mwenyewe.

Asubuhi ya harusi, ua umejaa watu. Nabintu kakaa mbele kulia, marraine wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, mama mnene, kasokomezwa nyuma. Tonton, ndani ya suti, ndiye dereva. Akaona aoneshe ufundi kidogo mbele ya wageni. Akachukua nyundo.

Nati za kushoto hazikusogea. "Iko muzuri."

Akaenda kulia mbele. Akagonga kufuata mshale wa saa, kama alivyozoea maisha yake yote. Ikasogea.

"Munaona? Profesa hakukaza! Angeua bibi-arusi!"

Watu wakacheka. Marraine akapaza sauti kutoka nyuma: "Tonton, gonga sana, miye niko na batoto ku nyumba!"

Akagonga sana. Kila pigo ikasogea, na kila iliposogea akazidi kuamini kwamba sikuwa nimekaza.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Yeye ni baba mdogo wa bibi harusi, yuko mbele ya wakwe. Mimi ni mgeni asiye na karatasi. Nikajiambia nitaiangalia wakifika getini. Getini nikaambiwa nipande pickup ya nyuma.

Kwenye mteremko wa kwenda kanisani Tonton alishika breki. Gurudumu la mbele kulia likatoka, likatangulia. Likalipita lori la wapiga tarumbeta lililoongoza msafara (nao waliendelea kupiga), likaingia kwenye parachichi za mama mmoja. Gari lilikaa chini, likajiburuta, likasimama shubiri chache kutoka ukingoni. Chini ya ukingo kulikuwa na mapaa ya nyumba za watu.

Nabintu alitoka na damu kidevuni. Akatembea kwa miguu hadi kanisani. Ndoa ilifungwa.

Mchana Papa akatuita uani.

"Nani alikaza ile roue?" akauliza, akimaanisha gurudumu.

"Profesa ndiye aliirudisha," Tonton akasema.

Nikaleta nati na kitabu. Nikawaonyesha mshale. Nikasoma ukurasa, nikautafsiri neno kwa neno. Tonton akaangalia viatu vyake. Sitawadanganya, nilijisikia vizuri.

Papa akauliza taratibu: "Ile page uliisoma siku gani?"

"Wiki mbili zimepita, papa."

"Na asubuhi, Tonton anagonga, ulikuwa wapi?"

"Pembeni yake."

"Ukanyamaza, na mutoto yangu iko ndani."

Nikafunga kitabu.

Nabintu alikuwa amekaa na mumewe, plasta kidevuni. Akasema, bila hasira: "Ungeniambia miye tu. Ningeshuka."

Papa hakusaini. Hakunitukana pia. Jumatatu asubuhi maman wa nyumba, mke wa Papa, alinifungia ndizi na maharage ya njiani, na Tonton mwenyewe akanipeleka kwenye malori ya Uvira. Nilipopanda juu akanipa mkono. "Siku ingine, sema," alisema. "Nitakukasirikia, alafu itapita."

Hiyo ndiyo siku niliyoondoka Bukavu. Sasa nina hamsini na kitu na sijarudi.

Nilichojifunza ni kwamba kuwa sahihi mchana hakumsaidii mtu aliyekuwa ndani ya gari asubuhi.

Wenye yao ya aina hii wayaweke hapa. Na kama kuna spec niliyokosea huko juu, semeni sasa hivi, hata kama wewe ni member mpya.