Muratina Aliyoimwaga Tata Igoki

"Tata, kwa nini ulimwaga pombe ya wazee?"

Nilimuuliza nikiwa darasa la nne. Tata Igoki, dada ya baba yangu, hushona sare za shule hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Alikuwa na pini mdomoni. Akanipima mabega, akanigeuza kupima mgongo.

Pombe ilikuwa ya sherehe ya mahari ya Phyllis, binti ya mzee Njuki, kaka mkubwa wa baba. Kwetu wazee hawaonji muratina, pombe yetu ya asali, kabla msichana hajaulizwa. "Phyllis, tuinywe?" Aliulizwa mara mbili, akakubali mara mbili, ndipo wakanywa.

Kufika alasiri, Susan, rafiki ya Phyllis, alikuwa amelegea kwa kiti, mate yanamtoka. Ndambiri, mmoja wa wageni, aliyemwongezea glasi tangu asubuhi, akamshika makwapani kumwinua. Gari lake lilikuwa langoni.

"Unampeleka wapi?" Tata akauliza.

"Kwao."

"Unapajua?"

"Atanionyesha."

"Na macho gani?"

"Amekunywa yangu mchana kutwa, hajakataa."

"Phyllis aliulizwa. Huyu umemuuliza nini?"

Tata akawageukia wanaume wa meza kubwa. "Nyinyi, msichana wa watu anabebwa." Wakacheka. Mmoja akasema, "Igoki, ulikosa wako, sasa unachunga wa wengine?" Wakarudia nyama yao.

Ndipo akabeba kibuyu cha wazee, akakimimina chote mchangani.

Viti vilianguka. Wote walisimama wakamzunguka, mzee Njuki akitikisa bakora. "Mchawi wewe. Umelaani ndoa ya mtoto wangu." Watu walijaa hadi langoni, Ndambiri akakosa pa kupita. Mama yangu akamnyang'anya Susan, akamwingiza kwa nyumba ya nyanya.

Tata alitozwa mbuzi. Akakataa: "Nitatoa wangu Ndambiri akishatoa wake." Tangu hapo haalikwi popote. Mzee Njuki akimwona huvuka barabara. Watoto wa mtaa humwita Mama Mwaga. Hata Susan hajawahi kumtumia salamu.

Sasa niko kidato cha tatu. Wiki jana, akinipima shati, nilimuuliza tena.

Safari hii alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Niliwaambia kuna msichana, hakuna aliyeinuka. Nikamwaga pombe, wakasimama wote. Sasa niambie wewe, ningemwaga nini kingine?"