Siku Mama Mkwe Aliponiita

Mwaka jana simu yangu ilikuwa ikilia tangu asubuhi mpaka jioni nami siipokei. Nilikuwa nimekopa kwa simu ili kujaza mahindi na maharagwe kwenye kibanda changu mjini Nyamira, kisha nikakopa kwingine kulipa mkopo wa kwanza, na kwingine tena kulipa wa pili. Mwanzoni kila mlio ulinishtua. Baadaye nikawa naitazama tu ikitetemeka juu ya gunia, mteja akiniuliza, "Hiyo si yako?" nami nampimia maharagwe yake. Sikuwa na hofu wala hasira. Nilikuwa nimekufa ganzi. Hata chakula nilikila kwa sababu tu kimewekwa mezani.

Wadai waliponichoka wakaanza kuwapigia watu ambao namba zao zimo kwenye simu yangu. Fundi wa viatu wa jirani alinitania mbele ya watu, eti kumbe mimi mkubwa, natafutwa hadi Nairobi. Nikacheka naye. Binamu yangu anayeishi Tabaka alipiga kunikaripia. Nikamwambia pole, nikakata. Yote yalinipita.

Mtu mmoja tu ndiye niliyeogopa apigiwe: mama mkwe wangu, kule Gesima. Sisi Wakisii tuna chinsoni, yaani heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake, na kwa mama mkwe ndiyo kabisa. Tangu nioe sijawahi kumshika mkono mama huyu wala kuketi naye chumba kimoja. Namba yake niliihifadhi ili nimtumie pesa ya sukari wakati wa sikukuu, basi. Sasa mtu asiye na adabu angemsimulia mambo ambayo mke wangu mwenyewe alikuwa ameyajua juzi.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa mshauri wa mikopo, katika ofisi ya sacco yake. Mshauri huyo alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alinifanya nitaje kila mkopo kwa sauti, akanikataza kukopa tena ili kulipa, kisha tukapanga pamoja malipo ya kidogo kidogo ya kuwapelekea wadai.

"Na kuwapigia jamaa zako hawaruhusiwi. Tutawalalamikia," alisema. "Ni nani hasa unaogopa wampigie?"

Nikamwambia. Naye ni Mkisii; aliweka kalamu chini, akaguna.

"Walishampigia?"

"Sijui."

Nilijua wiki ile ile. Mke wangu alikwenda kwao kusalimia, na aliporudi akaniambia mama yake ananiita. Kwetu mama mkwe hamwiti mkwewe. Nilifikiri anataka kumchukua binti yake, ndoa iishie hapo, na la ajabu ni kwamba nilivaa shati nikaondoka kama mtu anayetumwa chumvi dukani.

Gesima niliwekewa kiti uani, karibu na jikoni. Yeye alibaki ndani. Sauti yake ilinijia kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, kwa Kikisii cha polepole.

"Baba, kuna mtu alinipigia," alisema. "Alisema una deni. Akauliza kama nakujua."

Nikatazama viatu vyangu.

"Niliogopa. Nilidhani nikisema nakujua watachukua bonasi yangu ya majani chai, ile ninayolipwa na kiwanda. Nikamwambia sikujui. Nikamwambia sina mkwe wa jina hilo."

Nilingoja lile la ndoa. Halikuja.

"Tangu siku ile, kila Sabato siketi vizuri kanisani. Unamlisha mtoto wangu, paa hili lilipovuja ulinitumia mabati, halafu mgeni ananiuliza nami nakukana. Nimekuita nikuombe msamaha."

Ile ganzi ya miezi yote iliniachia pale pale kwenye kiti, na ikauma. Nililia kwa sauti uani kwa wakwe, mwanamume mzima, jambo la aibu kuliko madeni yenyewe. Yeye hakutoka, asingeweza kutoka. Nilimsikia akisogea karibu na mlango, akangoja mpaka nikatulia kidogo.

"Baba," akauliza, "umenisamehe, au bado?"