Muhuri Kwanza

Paskalina Margwe alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wake ulikuwa unakata turubai. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, anaipokea na maneno kwanza: nani kakushonea takataka hii? Ukikasirika, haya, mafundi wapo wengi mjini Katesh, nauli ni yako. Lakini watu walirudi, kwa sababu mshono wa Paskalina haufumuki.

Ufundi aliurithi kwa baba yake, mzee Margwe. Huyo ndiye aliyeshona bendera ya kwanza ya kijiji chetu mwaka wa Uhuru, ile ya mistari iliyolala, kijani, njano na nyeusi. Hata haijapauka, likaja tangazo: tumeungana na Zanzibar, bendera ni nyingine, na safari hii ina bluu. Bluu ataitoa wapi huku mlimani mwaka sitini na nne? Akachukua gauni la mkewe la Jumapili, akalikata. Mama yake Paskalina alilia siku mbili. Siku ya tatu akaenda kusimama chini ya mlingoti, akawa anamwonyesha kila anayepita gauni lake lilivyopanda juu. Tangu hapo kila bendera ya kijiji ilitoka kwenye cherehani ile ile, ya baba, kisha ya binti, na hawakuwahi kudai hata senti.

"Usishone kwa kuangalia tu," mzee alikuwa akimwambia. "Macho yanazoea mpaka hayaoni. Shika upande wa kamba, sema kwa sauti: kijani juu, huku kwa kamba. Ndipo upige pindo."

Mzee alipolala kitandani, Paskalina, wakati huo mjane, alirudi nyumbani akamlisha kwa kijiko miaka sita. Mzee akampa ekari tatu mbele ya majirani, na alipokufa akazikwa humo humo, pembeni mwa mbaazi. Udongo wa kaburi haujashikana, huyo hapo Patriki, mtoto wa kaka yake Paskalina, anadai shamba la ukoo halikai kwa mwanamke. Wakati wa kijiko hakuonekana! Kesi ikaenda baraza la kata, na baraza likataka kitu kimoja tu: barua ya kijiji, yenye muhuri, kwamba anayelima pale ni Paskalina. Barua ilikuwepo, imeandikwa vizuri. Muhuri ndio haukuwepo.

Muhuri ulikuwa kwa Yohanes, mtendaji wa kijiji, aliyesoma dawati moja na Patriki. Miezi kumi na moja Paskalina alikwenda ofisini kwake. Leo wino umekauka. Kesho muhuri umepelekwa wilayani. Keshokutwa, "iache hapo mezani, bibi." Na kijana huyu, ambaye kaptula yake ya darasa la kwanza aliishona Paskalina, hakumwamkia hata siku moja. Huku kwetu mtu akikutukana utamjibu mkamalizana. Asiyekuamkia, utamjibu nini? Paskalina alimchukia. Alimweleza padri kabisa, padri akampa sala tatu, akazisali zote, na chuki ikabaki pale pale.

Mwishowe baraza likachoka: barua iletwe Alhamisi, isipoletwa shamba ni la Patriki.

Siku moja kabla, Jumatano, ndiyo ilikuwa sherehe ya kufungua ofisi mpya ya kijiji, na mgeni alikuwa anatoka wilayani. Ukutani walikuwa wamechora nembo ya taifa, Bibi na Bwana, wamechorwa vibaya mpaka unadhani wametoka kugombana. Bendera ya zamani ilikuwa imeraruliwa na upepo tangu Januari. Yohanes alikuwa ameshatangaza mkutanoni, macho kwa Paskalina, "Tumechoka na bendera za kushonwa vibarazani." Akanunua ya kwake kwa mchuuzi mmoja wa njiani, bado ina nailoni yake.

Cherehani ya Paskalina hukaa kwenye kibaraza kinachotazamana na ofisi hiyo. Saa tatu asubuhi akawaona wanajaribu kuipandisha bendera. Ikapanda, bluu juu. Wakaishusha, wakaigeuza. Sasa kijani kikawa juu, lakini kimekimbilia ncha ya mbali na mlingoti, na mstari mweusi unateremka badala ya kupanda. Wakaigeuza tena, bluu hiyo hapo. Watu wakaanza kubishana. Mmoja aliapa bluu ndiyo hukaa juu kwa sababu mbingu ni bluu. Weee! Watu wamezaliwa chini ya bendera ile, na hakuna aliyejua ikoje.

Paskalina alijua tangu mara ya kwanza. Pindo la kupitishia kamba limepigwa upande usio wake, hata ukiigeuza mpaka kesho haikai. Akaendelea kukanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Mdharau mwiba mguu huota tende, alijisemea, na leo tende nitaiona kwa macho yangu.

Yohanes alivuka barabara, jasho linamtoka, bendera mkononi.

"Shikamoo, mama."

Paskalina akatazama mlima.

"Mama, shikamoo. Hii bendera ina shida."

"Bendera haina shida. Ana shida aliyepiga pindo. Kulifumua na kulihamishia upande wa pili ni dakika ishirini."

"Basi tusaidie, mama yangu. Mgeni yuko njiani."

Paskalina akavuta droo, akatoa barua, akainyoosha juu ya cherehani. "Muhuri kwanza."

"Mama, mambo ya taifa hayachanganywi na ya shamba."

"Nani kayachanganya? Ule muhuri umeandikwa jina la nani, la mama yako? Ni wa kijiji, na umeukalia miezi kumi na moja kama kuku anayeatamia."

"Nitawaita mgambo!"

"Waite. Waje na sindano."

Simu ya Yohanes ikalia mfukoni. Mgeni amepita Masakta, yuko karibu. Watu walikuwa wameshavuka barabara, wamezunguka kibaraza, na hakuna aliyemtetea mtendaji wao. Yohanes akageuka akakimbia, akarudi na muhuri na kidau cha wino. Akagonga.

"Na sahihi," Paskalina akasema. "Na tarehe."

Akatia vyote. Wino uliodaiwa kukauka ulikuwa umelowa chepechepe. Paskalina aliupuliza, akaikunja barua, akaitia kifuani.

Ndipo alipoishika bendera. Baba yake alikata gauni la mkewe kwa ajili ya kitambaa hiki, na yeye amekiweka rehani mbele ya kijiji kizima. Mzee angekuwa hai angemchapa, hata na uzee huu alionao binti. Aliona aibu, aibu ya kweli. Lakini kaburi liko shambani, na shamba lingekwenda kesho. Nisamehe, baba, alisema moyoni, akafumua. Alipofika kwenye pindo jipya akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Kijani juu, huku kwa kamba."

Alikata uzi magari yakiwa yanaonekana kwenye kona. Bendera ikapanda, wimbo wa taifa ukaimbwa, kila mtu akasimama wima. Paskalina alisimama akilia, na hakujifuta.

Baada ya hotuba mgeni alitazama juu. "Mtendaji, bendera yenu imepigwa pindo zuri sana. Mmeshonesha wapi?"

"Tuliinunua, mheshimiwa," Yohanes akasema, bila hata kupepesa. "Hizi za vibarazani tumeachana nazo."

Watu wakaguna. Paskalina akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda moja kwa moja hadi meza kuu, akasimama mbele ya Yohanes, mkono juu ya kifua penye barua.

"Marahaba, Yohanes," akasema.

"Marahaba ya nini, mama?" mgeni akauliza.

"Ya shikamoo zake mbili za asubuhi, alipoomba nimhamishie pindo. Nilikuwa nasubiri wino ukauke."