Kisima cha Ng'ambo

Ningekataa pale pale, tukiwa tumesimama kwenye tope lenye harufu ya mikoko iliyooza, mengine yote yasingetokea. Mjomba Selemani, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa kijiji chetu huku Mbwera, aliushika mtumbwi wangu akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, leo usiwe na haraka. Maji yakipwa, nani atakulaumu? Wewe ndiye uliyeyaondoa?" Akaniita mwanamume mwenzake. Nikacheka, nikakubali.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi na bibi, mama yake mjomba, katika kitongoji tulichokiita Ng'ambo. Kijiji kilikuwa na vitongoji viwili, na mto wa maji chumvi katikati. Siku hizo mwenyekiti alichaguliwa kwenye mkutano mkuu, upande wa shule: wagombea walisimama mbele, kila mtu akajipanga nyuma ya amtakaye. Hapakuwa na karatasi, na asiyefika hakuhesabiwa. Aliyeshinda ndiye aliyeongoza halmashauri ya kijiji, na mwaka ule halmashauri ilikuwa iamue kisima kichimbwe upande gani. Mpinzani wa mjomba, Mzee Athumani, alikuwa ameahidi kukichimba Ng'ambo, ambako maji matamu tuliyafuata mbali kwa mtumbwi. Kila alfajiri bibi aliniita, "Mume wangu, kanitekee maji," nami nikabeba madebe nikaenda.

Asubuhi ya uchaguzi nilijikokota. Mitumbwi mingine ilikuwa imekwenda kuvua. Wangu ndio uliotegemewa kuvusha watu. Nilipofika Ng'ambo walikuwa wamenisubiri mpaka wamechoka.

"Huyu leo pondo limemzidi nguvu, mpeni uji!" mama mmoja alipiga kelele.

"Bi Zuhura," mwingine akamchokoza bibi, "kweli utamkataa mwanao hadharani?"

"Nimemzaa, sawa," bibi akajibu akipanda mtumbwini. "Kwani ananiletea maji?"

Wakacheka wote. Mimi nikashika pondo, nikausukuma mtumbwi makusudi kwenye kina kifupi. Katikati ya mto mtumbwi ukakwama. Kushuka hakukuwezekana, tope lile humeza mtu hadi kiunoni. Tukakaa juani tukitazama mistari miwili ikipangwa uwanjani, wa mjomba ukiwa mrefu kidogo tu kuliko mwingine. Vigelegele viliposikika, bibi aligeuka akanitazama. Njia za mto ule alinifundisha yeye, hakuwa na haja ya kuuliza.

Kisima kikachimbwa upande wa shule. Mjomba alisamehewa. Mimi bibi aliniuliza mara moja tu, "Yeye alitaka kiti. Wewe ulitaka nini?"

Siku hizi Ng'ambo wanapiga kura kwa karatasi huko huko kwao. Wanamchagua mwenyekiti wao wa kitongoji, naye anaingia kwenye halmashauri ya kijiji kuwasemea. Hawamtegemei kijana yeyote mwenye mtumbwi, na mimi nauona huo ni utaratibu mzuri. Lakini bibi hakuwahi kuushuhudia. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akanipikia, akanitandikia mkeka kama mgeni. Hakuniita tena mume wangu, wala hakunituma maji. Alikwenda kuteka mwenyewe, mgongo umepinda, mpaka alipokufa.